Jioni Ambayo Sauti ya Mpala Ilikatika

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, napanda ngazi ya chuma mpaka juu ya paa la maabara nikiwa na ndoo ndogo ya maji safi na kitambaa laini. Nina miaka hamsini na nne na magoti yangu hayaitaki tena ile ngazi. Juu kuna sanduku la bati, na juu ya sanduku kuna kifuniko cha plastiki kinachopenyeza mwanga, cha mviringo, kikubwa kama bakuli la kunawia mikono. Chini yake iko kamera. Nafuta kinyesi cha ndege na vumbi la barabara, na katika miezi ya wadudu wa ziwani nakwangua uji mweusi wa maiti zao. Kisha nashuka, naangalia batri, nanakili picha za usiku kwenye disiki, naenda kufundisha fizikia darasa la tano la sekondari.

Kamera hiyo ililetwa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, na profesa wangu wa zamani wa Lubumbashi. Alisema nimtunzie miaka miwili. Sasa ni mwaka wa tisa. Watu wa mtaani wanadhani nakesha nikihesabu nyota. Sikeshi. Mashine inafanya kazi peke yake, mimi nalala kama mtu aliyepigwa, na kazi yangu ni ya asubuhi: ndoo, kitambaa, batri.

Kinachopigwa picha si nyota. Hewa ya juu kabisa, kule ambako ndege hazifiki, inapigwa na jua mchana kutwa, na jua likizama inaendelea kutoa mwanga wake hafifu. Macho yetu hayauoni. Kamera, ikiacha jicho wazi kwa muda mrefu, inauona: wa kijani unatoka kilomita kama mia moja juu yetu, mwekundu unatoka juu zaidi ya hapo, katika tabaka lenye chembe za umeme ambalo mawimbi ya redio yanalitumia kama dari. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna jambo letu. Baada ya jua kuzama, dari hilo mara nyingine linatoboka. Matundu hayo yanapanda kama mapovu, na katika picha nyekundu yanaonekana kama michirizi myeusi inayotembea polepole kuelekea mashariki, upande wa Kigoma. Redio ikipita hapo, sauti inatetemeka, inakatika.

Niliposikia jambo hilo mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi Lubumbashi, nilitoka darasani nikaenda kulia nyuma ya maktaba. Nilikuwa nimemfikiria Papa.

Papa alikuwa mtu wa fonia, ile redio ya kusemezana kwa mbali. Kabla ya simu kufika, misheni zote zilisemezana kwa fonia, asubuhi na jioni: Kalemie, Mpala, Manono, kila mmoja kwa zamu. Papa alikaa katika chumba kidogo cha misheni ya Kalemie, masikio yamefunikwa, daftari mbele yake. Jioni moja sista muuguzi wa Mpala aliita. Kulikuwa na mama aliyekuwa anazaa na hali yake ilikuwa mbaya. Alitaka mashua ya mota itoke Kalemie usiku ule ule pamoja na daktari. Sauti ilikatika. Mashua ilitoka kesho yake, baada ya sista kuita tena asubuhi. Walikuta mtoto mzima na mama amekufa.

Familia ya marehemu ilisema Papa alikunywa lotoko, pombe kali ya kienyeji, akalala. Mimi nilikuwa na miaka saba. Jioni ile nilikuwa nimempelekea chakula, nikamwona kwa macho yangu: ameinama juu ya mashine, anazungusha kifungo, anaita na kuita. Hakuna aliyeniuliza. Na hata wangeniuliza, nani angemwamini mtoto wa mutu wa fonia? Shuleni wenzangu walijifanya wanakoroma nikipita. Papa aliondolewa kazini, akawa mkulima wa mihogo, na hakulisema jambo lile tena nyumbani kwetu.

Nilisoma fizikia kwa sababu ya jioni ile. Nilipokubali kamera, niliikubali kwa sababu ya jioni ile. Profesa sikumwambia.

Ziwa lilipopanda na kuingia katika mitaa ya chini, nyumba ya Papa ilijaa maji mpaka madirishani. Nikamleta kwangu. Alikuwa amepita miaka themanini, macho yamefunikwa na utando, lakini masikio mazima. Mume wangu alishafariki, watoto wako mbali. Basi tukawa wawili. Namwamsha, namuosha, namwachia uji, nakwenda kupanda paa, nafundisha, narudi kupika bukari ya unga wa muhogo na sombe ya majani yake, nasahihisha madaftari, nalala. Jumapili nafua mashuka yake. Kuna siku nilikaa kitandani asubuhi nikiwa na kiatu kimoja mguuni, na sikumbuki nilikaa muda gani.

Kila nikirudi aliuliza swali moja.

“Jana mbingu ilikuwa namna gani?”

“Mawingu, Papa.”

“Na juzi?”

“Mawingu.”

Msimu wa mvua jibu ni hilo tu. Profesa naye alikuwa akiandika: mbona picha za mwezi huu ni nyeupe tupu? Nilichoka kuwajibu wote wawili.

Septemba, mvua ikiwa bado, mbingu ilifunguka licha ya moshi wa mashamba yanayochomwa. Picha zikaanza kuwa nzuri. Jumatatu moja, mchana, baada ya wanafunzi kutoka, nilifungua ordinateri, ile kompyuta ya picha, na kuiona michirizi mitatu, mipana, imekata picha nzima toka kaskazini mpaka kusini. Ilitokea jioni, saa ambayo zamani ilikuwa ya zamu ya fonia.

Hospitali moja ya mjini bado ina fonia, kwa ajili ya vituo vya kando ya ziwa ambako simu haishiki. Nilipanda pikipiki nikaenda kuomba daftari lao. Mama anayeitumikia alinitazama kwa mashaka.

“Mama, unatafuta kosa la nani?”

“La mtu yeyote hapana. Natafuta siku ambazo sauti ilikuwa mbaya.”

“Ah, hizo ni nyingi.”

Alinipa daftari nikae nalo pembeni. Wiki tatu nilikwenda kila alasiri, nikiwa na njaa na vumbi, nikilinganisha maneno yake na picha zangu. Nilitaka kila jioni ya michirizi iwe jioni ya sauti mbaya. Haikuwa hivyo. Mara nyingi zilipatana. Lakini kulikuwa na jioni zenye michirizi ambapo Mpala ilisikika vizuri, na jioni za mbingu safi ambapo batri tu ilikuwa imekufa. Nilimwandikia profesa. Akanijibu kwamba ni mwanzo mzuri, lakini fonia ya siku moja huwezi kuisemea bila picha ya siku hiyo.

Nilijua. Jioni ile ya zamani hakukuwa na kamera Kalemie.

Hata hivyo nilimwambia Papa. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, nikamweleza yote, dari la juu na mapovu na michirizi. Nikamwambia, “Papa, inawezekana kabisa mbingu njo ilikata sauti. Siwezi kuapa, lakini inawezekana. Haukukuwa na kosa.”

Nilitegemea atashukuru.

“Yule mutoto aliyezaliwa ile siku,” akasema, “iko wapi?”

“Iko hapa hapa. Anauza samaki sokoni, mikebuka ya kukausha.”

“Unipeleke.”

“Papa, nimechoka. Na kwenda kumwambia nini?”

“Unipeleke.”

Jumamosi nilimpeleka, nikimshika mkono hatua kwa hatua. Yule mwanamke namfahamu kwa sura. Miaka yote nilinunua samaki kwa jirani yake ili nisikutane na macho yake. Alikuwa anapanga samaki juu ya turubai. Alipoona ni nani, alisimama, akamsogezea Papa kigoda. Hakusema karibu.

Nilianza mimi. Nilianza kueleza habari za hewa ya juu, kama niko darasani. Alinisikiliza kidogo, kisha akanikatiza kwa upole.

“Mama, hayo ni ya masomo. Mimi nataka kumusikia yeye. Papa, ile siku ulisikia nini?”

Papa akainua uso wake kuelekea sauti yake.

“Nilisikia ‘mashua’. Kisha sauti ikapotea, ikarudi, ikapotea. Nilisikia ‘usiku’. Na nilisikia ‘damu’.”

Nilimgeukia. Neno hilo sikuwahi kulisikia kwake.

“Ulisikia damu?” yule mwanamke akauliza.

“Nilisikia. Lakini haikuwa wazi. Niliita sana warudilie. Hakuna. Sasa, mwezi uliotangulia nilituma mashua usiku kwa sababu ya neno nililosikia vibaya, ikaenda bule mpaka kule, na mupe, padri wa misheni, alinikemea mbele ya watu kwa ajili ya mazutu, mafuta ya mota. Akasema nikikosea tena nitafukuzwa. Nilikuwa na watoto watano. Nikasema moyoni, ngoja asubuhi, nitasikia vizuri. Sikukunywa pombe. Sikulala. Nilikaa pale mpaka asubuhi, masikio juu ya mashine. Lakini nyumba ya mwendesha mashua ilikuwa hatua mia mbili, na sikuenda kumugongea mlango.”

Wanunuzi walikuwa wanapita. Mmoja aliuliza bei ya fungu, hakujibiwa, akaenda zake. Mimi nilikaa chini juu ya turubai, pembeni ya samaki. Miaka arobaini na saba nilikuwa nimebeba baba asiye na kosa. Nilimbeba Lubumbashi, nikampandisha paa kila asubuhi. Na yeye miaka yote alijua.

Yule mwanamke hakulia. Alipangusa mikono kwenye kitenge chake.

“Baba yangu alikufa akisema ulikuwa umelewa,” alisema. “Mimi niliwaza kila siku, kama alikuwa amelewa, basi mama alikufa kwa ajili ya kikombe cha lotoko. Sasa unaniambia uliogopa.”

“Niliogopa.”

“Basi.” Alitazama upande wa ziwa. “Muende sasa. Nitafikiri.”

Njiani nilikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ya mtu aliyechoka, isiyo na nguvu ya kupiga kelele. Nilimpikia, nikamlaza. Siku nne nilimwosha bila kumsemesha. Siku ya tano, nikimkausha mgongo, nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

“Ulikuwa na furaha sana na masomo yako,” alisema. “Ulisema mbingu njo ina kosa. Nikaona, mutoto apate fasi ya kusimama.”

Nilimvalisha shati.

Jumapili ya pili mwanamke yule alibisha hodi kwetu. Alileta mikebuka minne imefungwa kwenye gazeti. Alikaa na Papa karibu saa nzima, na nilichosikia kutoka jikoni ni maneno ya kawaida: Mpala ilivyokuwa zamani, nani alikaa wapi, kanisa, mitumbwi. Alimwuliza kama aliwahi kumwona mama yake. Papa alisema hapana, alimjua kwa sauti ya sista tu. Alikuja tena mara mbili tatu. Hawakuwa marafiki. Nadhani alikuja kwa sababu Papa ndiye aliyebaki peke yake kati ya watu waliokuwa macho usiku ule.

Papa alikufa mvua zilipokolea, kifua kikiwa kimebana, asubuhi, uji ukiwa bado wa moto. Kwenye matanga walikuja jamaa ambao sikuwaona miaka mingi. Profesa alituma ujumbe akiuliza picha za wiki ile. Nilimwandikia kwamba hakuna, nimefiwa. Alijibu nipumzike, mbingu itangoja.

Usiku wa pili wa matanga, binamu mmoja wa Papa, mzee anayependa kusema, alianza kunong’ona na wageni karibu na moto. Nilisikia neno “lotoko”. Nilikuwa nimekaa ukutani na mwili mzito kama mchanga wenye maji. Nilitaka kusimama nikashindwa.

Yule mwanamke ndiye aliyesimama. Alikuwa ameshika sufuria ya bukari kwa vitambaa viwili.

“Papa, acha hayo,” alimwambia yule mzee. “Mimi njo mutoto wa yule mama. Huyu hakulewa. Alikuwa kazini, alisikia nusu ya neno, akaogopa kukosea, akakosea. Ni hivyo tu. Musogee, chakula ni cha moto.”

Wakasogea. Aliweka sufuria chini, akaanza kuwagawia, akianza na yule mzee. Aliponifikia alinitazama usoni, akasema, “Wewe usile sasa. Nenda ulale, vyombo nitaosha mimi.” Nilikwenda kwenye mkeka wa chumba cha Papa, na nililala mpaka jua la saa nane mchana.