Apolonia wa Mapokezi

Apolonia alifundisha chekechea Mabibo miaka kumi na minne, mpaka shule ikafungwa. Alipopata kazi ya mapokezi kwenye zahanati moja ya binafsi Buguruni, alidhani atakaa na mtu hata wiki moja ajifunze. Siku ya kwanza daktari, ambaye ndiye mwenye zahanati, alimpa koti jeupe, akamwonyesha dirisha na rundo la kadi. "Utazoea tu, dada," akasema, akaingia chumbani kwake. Aliyekuwepo kabla alishaacha kazi.

Kufika saa nne benchi limejaa. Gibson wa maabara alikuwa akimsogezea karatasi za majibu bila neno. Apolonia akafanya kama alivyozoea darasani: akasimama, akapaza sauti.

"Zubeida! Majibu ya mimba tayari!"

Watu wote wakageuka. Mwanamke mwenye mtandio wa kijani akainuka, akachukua karatasi bila kumtazama, akatoka. Hata kwa daktari hakuingia.

"Dada, hayo hayatangazwi," Gibson akanong'ona.

"Hakuna aliyeniambia."

Aliposema tu, aibu ikazidi. Kwani hilo nalo la kuambiwa? Angekuwa yeye pale kwenye benchi?

Zubeida alirudi siku ya tano. Apolonia akatoka dirishani, akamfuata, akamwambia polepole, "Nilikukosea sana, mdogo wangu. Nisamehe."

"Wifi yangu alikuwa amekaa pale," Zubeida akasema. "Mimba mbili zimeshanitoka. Hii nilitaka mume wangu aisikie kwangu kwanza. Kaisikia kwa dada yake, kwenye simu, mie bado niko njiani."

Zubeida akampita, akampelekea Gibson kadi yake.

Jioni ile Apolonia alimwomba Gibson amweleze kazi yote tangu mwanzo, akaandika kila kitu kwenye daftari. Siku hizi anaita kwa namba, na majibu mgonjwa anapewa ndani. Daktari alipomleta Loveness wa kusaidia mapokezi, Apolonia alikaa naye wiki mbili nzima, ingawa hakutumwa. Loveness alipouliza habari za namba, alimjibu kwamba ni utaratibu tu.

Zubeida bado huja kliniki, tumbo limeanza kuonekana. Humsalimia Apolonia vizuri, lakini kadi humpa Loveness.