Shukrani ya Kazi Ambayo Haijaja

Habari za kazi yangu mpya nilizisikia kanisani, pamoja na watu wengine wote. Mama alisimama wakati wa matangazo, akarekebisha kitambaa kichwani, akasema Jumamosi jumuiya ya maombi ije kwetu mtaani Mbotela kumshukuru Mungu kwa kazi aliyompa mwanawe. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akanipa mkono. Mimi nilikuwa nimefanya mahojiano tu, na jibu lilikuwa bado.

"Mama, ni kazi gani hiyo?" nikamuuliza tulipotoka.

"Ile ya mvua."

"Hawajaniita!"

"Watakuita. Na usianze maswali yako. Nyama nimeshaagiza soko la Burma."

Ile ya mvua ni nafasi katika ofisi ya kutabiri hali ya hewa. Nilisomea fizikia chuo kikuu, na sijawahi kutaka kitu namna ile. Tangu mahojiano nilikuwa nikitembea mtaani nimeinua uso, nikiyakagua mawingu kana kwamba ni shamba nitakalorithi. Lakini jumuiya yetu ina desturi moja isiyo na huruma: anayeshukuru husimama mbele ya watu atoe ushuhuda, na hakuna sufuria inayofunuliwa kabla hajamaliza. Ningesema nini? Nikidanganya, nitajichukia. Nikisema ukweli, mama atachekwa mtaa mzima.

Wiki nzima nilimsumbua. Kama Mungu ana kusudi na maisha yangu, kwa nini analificha? Kama kazi ni yangu tayari, kwa nini niliulizwa maswali saa nzima? Na yule mwenzangu tuliyeketi naye kwenye benchi siku ile, mama yake hakuomba?

Mama alikuwa akichambua mboga. "Muombee na yeye," akasema. "Niletee chumvi."

Nilibaki na hasira hadi Ijumaa asubuhi, nilipomwona akifunga chakula chake. Mama ni kibarua katika kiwanda cha sabuni. Kila asubuhi husimama getini na wenzake, msimamizi hutoka na kuchagua anaowataka siku hiyo, waliobaki wanarudi nyumbani. Akaweka ugali na sukuma kwenye mkebe, akaufunga kwa leso. Nimemwona akifanya hivyo tangu utoto, nikadhani ni mapishi tu. Hajui kama atachaguliwa, lakini chakula cha mchana anabeba. Wasipomchukua, hukila njiani na wenzake waliokataliwa, wakipiga soga, na kesho yake anabeba kingine.

Hilo halikujibu swali langu hata moja. Hata hivyo mwili ulinisisimka, kama ilivyokuwa darasani hesabu iliyonikatalia ilipoanza kufunguka. Nilikuwa nimedhani mama anajifanya kujua. Kumbe hajui zaidi yangu, na bado anajiandaa.

Jumamosi nyumba ilijaa hadi mlangoni. Viti vya kuazima vikaisha, vijana wakajipanga kitandani. Dada yangu mdogo akaninong'oneza, "Niaje brathe, wamekupigia?"

"Zii."

"Wah! Sasa utaambia watu nini? Na vile nina njaa!"

Kiongozi akaniita. Nikasimama moyo ukinidunda, na ajabu ni kwamba sikuwa na hofu.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Sijapata kazi."

Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, akageuka polepole kumtazama mama. Mama aliangalia mbele, shingo imenyooka.

"Jibu halijaja," nikaendelea, "na huenda likawa hapana. Mama amewaita mapema kwa sababu ndivyo anavyomwamini Mungu. Mimi sijafika hapo. Lakini wiki hii nimeamka kila siku nikiitaka kesho kuliko ninavyoiogopa, na hilo nimelipata kwake. Kwa hivyo, Mungu, asante kwa kazi ambayo sijaiona. Kama si hii, asante kwa hiyo nyingine. Ila ufanye haraka kidogo. Na kama una sababu zako, siku moja unieleze."

"Ngai! Huyu hata Mungu anamfanyia mahojiano!" yule jirani akapaza sauti, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama alicheka kuliko wote, machozi yakimtoka, kisha akaanzisha wimbo wa kwao magharibi. Tukaimba na kurukaruka hadi vikombe vikagongana kabatini. Dada yangu hakungoja ubeti wa mwisho, alikwishafunua sufuria.

Naandika haya jibu likiwa bado. Jana nilishuka soko la mitumba la Gikomba nikachagua koti la mvua, zuri, lenye kofia na mifuko mirefu. Jua lilikuwa kali, muuzaji akanitazama mara mbili. Nikalivaa hadi nyumbani.