Mashine Haikuviona Vidole vya Mama

Mama yangu haendi mbele za watu na mikono iliyopauka. Iwe kanisani, msibani au kwenye mkutano wa kijiji, lazima kwanza ajipake mafuta ya alizeti, kidole kimoja kimoja, mpaka ing'ae. Kwetu Iguguno wanawake wa rika lake wote wako hivyo. Ukitoka na ngozi nyeupe kwa vumbi, watu wanasema nyumbani kwako hakuna anayekujali. Kwa hiyo siku mashine ya kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole ilipoletwa pale shuleni, mama na wenzake walijipaka kama wanakwenda harusini.

Mimi nilikuwa pale tangu asubuhi. Tuko wachache kijijini tuliojipa kazi ya kufuatilia uandikishaji na kura. Hatulipwi na mtu, na malipo yetu ni kuitwa wachochezi. Safari hii tuliomba jambo moja tu, mashine ijaribiwe mbele yetu kabla kazi haijaanza. Mwendesha mashine, kijana wa mjini mwenye adabu zake, aliweka kidole kwenye kioo, ikakubali. Akaweka mwalimu mkuu, ikakubali. Tukapiga makofi. Hakuna aliyefikiria kwamba wote wawili ni watu wa kushika kalamu.

Kadi ya zamani ya mama ilikuwa imeliwa na panya, na bila mpya asingepiga kura. Huyu ni mtu ambaye hata mwaka baba alipolazwa hospitali alitoka wodini, akapiga kura yake, akarudi kumlisha uji.

"Shikamoo, mama," kijana akamwambia.

"Marahaba, mwanangu."

Akaweka kidole, mashine ikakataa. Kioo kilikuwa kimejaa mafuta ya waliotangulia. Kijana akakifuta, akaomba wanawake wote wakanawe kwa sabuni. Foleni ikaanza kunong'ona kwamba mashine imepangwa iwakatae watu wa huku. Nikapandwa na hasira, nikawaambia waache uvumi, tatizo ni mafuta, wakanawe tu. Na kweli, waliponawa, wengi walikubaliwa.

Mama alinawa, akasugua kwa jivu, akajikausha kwa kitenge. Ikakataa. Akabadilisha mkono, ikakataa tena. Miaka ya kulima na kupiga alizeti kwa fimbo imefuta alama zote, na ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu na za kuteleza kama mpini wa jembe la zamani. Maneno niliyokuwa nimewakaripia nayo watu yakanirudi. Hakuna aliyeipanga mashine imkatae mama yangu, lakini ilikuwa imemkataa.

Kijana alihangaika naye mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kuna njia moja. Kwa mtu asiye na vidole kabisa, mashine ina kitufe cha kumpitisha bila alama.

"Nikibonyeza hapo, mama anapata kadi leo. Nisipobonyeza, kesho tunahamia kijiji kingine, na sijui nitamsaidiaje."

"Huo ni uongo," nikamwambia. "Sisi tunadai uchaguzi wa kweli, halafu tuanze na uongo?"

Mama akanigeukia, akaniambia kwa Kinyiramba, ili kijana asielewe, kwamba kadi ni yake na nifunge mdomo. Nikaufunga. Kijana akabonyeza.

Tangu hapo sikuwa na raha. Niliogopa siku ya kura mtu ataangalia kumbukumbu, amwone mama na vidole vyake vyote, aseme huyu ni mtu mwingine. Na nilijua kikundi chetu kinauhitaji mfano huu, ili tudai mashine zijaribiwe kwa mikono ya wakulima kabla hazijanunuliwa. Lakini nikisema, kadi inaweza kuchukuliwa. Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki nikawa nazunguka kijijini na neno moja nisiloweza kulisema wala kulimeza.

Kisha ofisa mmoja wa uchaguzi alikuja kwenye mkutano wa kijiji. Alisema mashine zilifanya kazi vizuri na hakuna hata mtu mmoja aliyekataliwa. Wenzangu wakanitazama, wakingoja niseme. Nikaangalia chini, nikiona aibu, na bado sikutaka kusema.

Mama ndiye aliyesimama.

"Mimi kadi ninayo, baba. Ila mashine yenu imeandika sina vidole." Akainua mikono yote miwili, inang'aa mafuta. Watu wakacheka, kisha wakaacha. "Sasa siku ya kura mtanipaka wino wapi?"

Ofisa alikohoa kidogo, akamwambia aje ofisini kwake Jumatatu, na aje na kadi. Hakusema kama mama atarudi nayo.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda, kadi mapajani, chupa ya mafuta miguuni. Nikamwambia leo asijipake, huenda wakamjaribu tena kwenye mashine, mafuta yatamharibia.

Hakuacha. Alimaliza mkono wa kushoto, akaanza wa kulia.

"Kama wataichukua," akasema, "waichukue kwenye mikono wanayoiona."