Anonyme wa kampi ya reli

Ukimuuliza mtu yeyote wa kampi ya reli pale Kamina, atakuambia Lydie Kabange ni binti asiye na maneno. Anasalimia kichwa chini, anapokea kitambaa chako, anakupima kimya kimya kama anakupimia jeneza, na nguo yako inatoka vizuri. Wamama wenye vijana wa kuoa walikuwa wameshamwekea alama. Wasichojua ni kwamba maneno yote ambayo Lydie hakuyasema mchana, aliyapeleka kwenye blogu ya mtu mmoja aitwaye Mwanza.

Mwanza ana kabine ya kuchaji telefone mbele ya gare, stesheni ya treni. Kwenye blogu yake anatangaza vilio vya msiba, ndoa, umeme uliokatika, na treni ambayo itafika siku itakapojisikia. Chini ya kila habari kuna kisanduku cha komantere, maoni ya wasomaji, na raha yote iko hapo: hakikuombi kompte ya kujiandikisha, hakikuombi mot de passe ya siri, hakikuombi namba ya simu. Unaandika, unabonyeza, imetoka. Ukiacha nafasi ya jina wazi, blogu yenyewe inakubatiza: Anonyme, asiye na jina.

Kwa Lydie ilikuwa dawa. Telefone yake ya zamani iliibwa huko Luena, ikaondoka na kompte zake zote na mot de passe ambazo hakuwahi kuzikariri. Kwingine kote kwenye internet yeye alikuwa marehemu. Kwa Mwanza tu alifufuka, tena alifufuka na meno. Anonyme ndiye aliyesema kwamba hotuba ya mkubwa fulani kwenye kilio ilikuwa ndefu kuliko maisha ya marehemu. Anonyme ndiye aliyeuliza kama orkestra ya harusi ilikuja kupiga muziki ao kulipiza kisasi. Watu walirudia maneno hayo na kucheka, huku Lydie akiwapima kiuno pale pale, uso umetulia kama wa sanamu ya kanisani.

Wiki ya sikukuu ya parokia, Mwanza akaweka picha ya wamama wa kikundi, wamepangana mbele ya kanisa na blauzi mpya za sare. Lydie hakuona sura. Aliona mikono ya blauzi. Mmoja umepanda, mwingine umeshuka, mabega yamejikunja. Moja kwa moja akamfikiria yule fundi mpya wa karibu na soko, anayejisifu kwamba kazi alijifunzia Lubumbashi. Vidole vikamwasha. Akaandika: "Hii ni mikono ya blauzi ao ni masikio ya mbuzi imenyeshewa? Mwenye kushona alipima bantu ao alipima magunia ya makaa?"

Ilisomwa hadi Kabondo-Dianda, kule ambako hata lori linafika likiwa limechoka. Watoto wa kampi wakaanza kutembea bega moja juu, bega moja chini. Lydie akalala vizuri sana.

Kisha Clotilde, mteja wake, akaja kuchukua sketi, na katikati ya habari nyingine akamwambia kwamba zile blauzi zilishonwa na Mama Béthanie. Tena tangu wajukuu wamsomee ile komantere, Mama Béthanie amefunika mashini yake kwa shuka. Anasema haigusi tena, akipata mtu wa kuinunua ataiuza.

Mama Béthanie, mjane wa mwendesha treni, ndiye aliyemfundisha Lydie kushona wakati mama yake Lydie alikuwa amelazwa hospitalini na hakuna aliyejua mtoto atakula nini kesho. Mshono wa Mama Béthanie Lydie angeutambua gizani. Lakini mshono wa kwenye picha haukuwa ule wa zamani. Ulikuwa wa mtu ambaye macho yanamtoroka, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Sasa Anonyme amemwambia, mbele ya Kamina yote.

Kuanzia hapo Lydie hakukalika. Aliketi, akasimama. Alikanyaga mashini mpaka nusu ya pindo ndipo akaona hajaweka uzi. Akafungua blogu kutafuta mahali pa kufuta, akabonyeza huku na huku, hapakuwa na mahali. Kufuta ni kwa wenye kompte. Blogu haikumjua siku ya kuandika, na haikumjua siku ya kujuta.

Akaenda kwa Mwanza. Alizunguka kabine, akanunua mega za internet ambazo hakuzihitaji, akauliza habari ya treni ambayo hakuna mtu aliyeingoja. Mwishowe akamwomba afute ile komantere, kwa sababu mwenyewe ni yeye.

Mwanza alicheka mpaka akang'oa waya za wateja. "Weye? Lydie, usinichekeshe. Mwenyewe tunamujua. Njo Hénoch, ni yeye aliandika."

Hénoch ni kijana anayekaa gare kungoja kazi, na kuikwepa ikifika. Alikuwa ameshajitangaza kila mahali kwamba ndiye Anonyme, na watu walimnunulia bia kwa kazi hiyo, ya kwanza kumletea chochote. Lydie akashikilia kwamba ni yeye. Mwanza akamwomba ushahidi, na ushahidi hakuwa nao. Tena, Mwanza akasema, tangu afungue blogu hakuna habari iliyosomwa hivyo. Hawezi kuifuta kwa sababu ya binti wa kanisa anayetaka kubeba dhambi za wengine.

Lydie akarudi nyumbani karibu anakimbia, na kwa mara ya kwanza akaijaza nafasi ya jina. "Komantere ya mikono ni yangu. Minyi Lydie Kabange. Naomba pardon kwa Mama Béthanie." Akabonyeza kabla woga haujamshika mkono.

Majibu hayakuchelewa kama treni. Msomaji mmoja, Papa Kasongo, akaandika kwamba waache kuharibisha jina ya mutoto ya bantu. Mwingine akasema hapa kila mtu anaandika jina analotaka, hata yeye anaweza kuwa gavana. Hénoch naye akalalamika kwamba wivu ni ugonjwa, watu wameanza kumwibia komantere yake.

Basi mji mzima ulikuwa umeapa kwamba si Lydie. Angeweza kunyamaza tu, na alilijua hilo vizuri. Alikaa nalo mpaka chai ikapoa, kisha miguu ikamtoa nje.

Mama Béthanie alikuwa ameketi mbele ya mashini iliyofunikwa. Wamama walikuwa wamerudisha blauzi kwa adabu, wakidai zinabana. Alipomwona Lydie akamvuta akae, akamwekea mkono gotini.

"Balinisomea ile ya jina yako, mutoto yangu. Usilie. Weye njo unaweza kuandika mambo ya bile? Minyi nakujua."

"Mama, njo minyi."

"Hénoch alishasema ni yeye."

"Hénoch iko muongo. Njo minyi. Nilizania ni ule fundi wa ku soko."

Upande wa gare mabehewa yaligongana. Mama Béthanie akaondoa mkono wake gotini, polepole.

"Ya Hénoch ningeisahau," akasema. "Hénoch anajua nini ya blauzi? Lakini weye nilikufundisha."

Akainuka, akachukua blauzi moja kwenye rundo, akaitupa mapajani mwa Lydie. "Onyesha. Fasi gani?"

Hapa hapakuwa na nafasi ya kuacha wazi. Lydie akashika kidole cha Mama Béthanie, akakipitisha juu ya bega la blauzi: hapa mshono umekula ndani sana, hapa mkono wa kushoto umewekwa kuume. Mama Béthanie alikuwa anatazama ukutani, kidole kikirudi pale pale.

"Tangu Pasaka sione uzi," akasema. "Nilizania hakuna muntu anaona."

"Baliona bote, Mama. Baliogopa."

"Na weye, ungekuya kuniambia? Na kinywa?"

Lydie alifikiria kusema ndiyo. "Hapana," akasema.

Mama Béthanie akafyonya. Akavuta shuka, mashini ikabaki wazi. Lydie alingoja neno la kusamehewa, halikuja. Mama Béthanie alisukuma rundo la blauzi kwa mguu mpaka likamgusa Lydie.

"Fumua mikono yote ya blauzi. Utashona weye, minyi nitapapasa na vidole. Ukikosea nitakuambia hapa hapa, na jina yako."

Lydie akashika ya kwanza. Uzi ukagoma kutoka, na Mama Béthanie, bila kugeuka, akamwambia kwamba hata hapo anavuta vibaya.