Mtori wa Mgonjwa wa Kwenye Kanda

Hapa mtaani kwetu Shirimatunda, mwenye deki ya video ni mimi peke yangu, na nasema hivyo bila aibu. Aibu ilikuja Jumapili.

Nilikuwa natazama katuni ya Kijapani ya wasichana wa sekondari wanaocheza mpira wa wavu. Kanda ikaishia pale nahodha ameteguka mguu, na kesho yake ni fainali! Kanda inayofuata ilikuwa imekodishwa na mtu wa mtaa mwingine.

Basi kwenye sala ya jumuiya maneno yakanitoka: "Tumwombee binti yetu wa sekondari, ameteguka mguu." Wakadhani ni wa kwangu, nami nikaitikia "Amina" pamoja nao.

Jumapili kanda ikapatikana. Nilikuwa nimesimama juu ya kochi nashangilia, mara akaingia Mama Anna, mwenyekiti wa jumuiya, na kina mama wenzake, wamebeba hotipoti ya mtori, ile supu ya ndizi na nyama ya kumpa mgonjwa nguvu.

"Pole, Baba Neema. Mgonjwa yuko wapi?"

Mke wangu akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Huyo hapo, mwenye bendeji."

Mama Anna akatazama, akatazama tena. "Mbona anaruka?"

"Ni maombi yenu, mama," nikajibu kifua mbele, bado niko juu ya kochi.