Fatu Katika Dua ya Askari

Fatu alizaliwa Sindeni, upande wa Handeni, katika nyumba ya wakulima wa mtama. Aliolewa na Mdoe, kijana mrefu wa kijiji cha jirani, ambaye muda mfupi baada ya arusi alikwenda Tanga akajiandikisha uaskari wa Wajerumani. Enzi zile askari akihamishwa, mkewe naye alihama. Fatu akajitwika sufuria, mkeka na jembe, akaishi Tanga, akaishi Dar es Salaam, na watu wa kusini walipoinuka kuikataa serikali ya Wajerumani, akapanda meli pamoja na wake wengine wa askari mpaka Kilwa.

Huko vitani hakushika bunduki, lakini mengi aliyoyapata mumewe na yeye aliyapata. Alitembea nyuma ya kikosi, akachota maji katika visima vya watu waliokimbia, akapika kwa kuni mbichi, akaosha vidonda. Mdoe hakufa kwa risasi. Kuhara damu kulimwangusha njiani, na Fatu akamzika akisaidiwa na rafiki wa marehemu, Mbwana, aliyekuwa shaushi, mkubwa wa askari weusi wa kikosi kile. Walichimba kaburi kwa jembe la Fatu, wakaliwekea mawe, wakashika njia jioni ileile kwa sababu amri ilikuwa kusonga mbele.

Mwisho wa vita vile haukuwa mapigano. Ulikuwa moto. Vikosi vilipita kijiji kwa kijiji vikichoma maghala ili wenye kukaidi wasalimu amri kwa njaa. Katika kijiji kimoja cha vilimani Fatu alimkuta msichana mdogo ameketi kando ya ghala lililokwisha kuwa majivu, anatafuna mng'oko, kiazi cha porini. Alimpa ukoko uliobaki kwenye sufuria. Kikosi kilipoondoka, msichana akainuka akafuata sufuria ile, wala hakuna aliyemzuia. Alisema anaitwa Somoe. Mama yake alikuwa amekufa kwa njaa, na baba yake aliuawa mapema, vita vilipoanza.

Fatu alirudi naye. Hakutaka kwenda Sindeni akaishi kwa kuulizwa habari za Mdoe kila siku, basi akajenga kibanda Ngombezi, jirani na mji wa Korogwe, karibu na shamba la mkonge, akawa anapika uji na mihogo kwa ajili ya wakata mkonge. Somoe alimwita mama. Alikua, akajifunza Kizigua, akawa mpishi hodari kuliko Fatu mwenyewe. Akatokea kijana wa kiwanda cha mkonge, Salimu, aliyekuwa akinywa uji pale kila asubuhi hata siku ambazo hana njaa, na mwishowe akatuma wazee kuposa. Fatu alikubali. Arusi ikapangwa iwe baada ya Ramadhani.

Lakini tangu siku ya posa Somoe alikuwa kimya. Fatu alidhani ni haya ya mwari, akamwacha. Jioni moja, wakimenya mihogo, Somoe akamwuliza kama dua ya Korogwe ya mwaka ule imekaribia.

Dua ile Fatu aliijua vizuri. Mbwana alikuwa ameacha uaskari kwa sababu ya goti lililovunjika, akahamia Korogwe, na kila mwaka mwishoni mwa Shaabani aliwakusanya askari wa zamani makaburini, karibu na mto, mara tu baada ya sala ya alfajiri. Kila mmoja alitaja wafu wake wa vitani, mwalimu akawaombea. Fatu hakukosa hata mwaka mmoja. Mbwana ndiye aliyemtaja Mdoe, kwa kuwa wanawake walikaa nyuma na hawakusema neno. Somoe alikuwa akibaki nyumbani kuangalia uji.

Fatu alijibu kwamba ni wiki ile inayokuja.

"Mama," Somoe akasema, "baba yangu anaombewa wapi?"

 Fatu aliendelea kumenya muhogo mpaka ukaisha mkononi.

Kesho yake alikwenda Korogwe kwa Mbwana. Alimkuta barazani ameunyosha ule mguu mbaya juu ya kigoda. Walisalimiana, wakaulizana hali, kisha Fatu akasema lililomleta: binti anaolewa, na kabla hajaolewa angependa baba yake atajwe makaburini pamoja na wengine.

 Mbwana alisema kwamba binti yule anampenda kama wake, na arusini atakuja, lakini hilo haliwezekani. Watu wale walikuwa adui. Walimvunja goti hili. Tena boma la Wajerumani likisikia kwamba askari wa zamani wanawaombea waasi, litaifunga dua yenyewe, na Mdoe naye atakosa wa kumtaja.

"Shemeji," Fatu akamwambia, "mimi sikuja kugombana. Lakini Mdoe namwombea hata nikiwa jikoni. Huyu mtoto hana hata kaburi alijualo."

Mbwana alitazama upande wa reli.  Fatu akaaga.

Siku ya dua waliondoka Ngombezi kungali giza, Fatu mbele na Somoe nyuma amebeba chungu cha uji wa kuwagawia watu. Fatu hakumwambia aje wala abaki. Alimwona tu amekwisha kujifunga kanga ya pili, akafungua mlango wakatoka. Palikuwa na baridi, majani yamelowa umande, na ukungu wa mto umefunika bonde lote hata milima ya Usambara haikuonekana. Walipofika, sala ilikuwa imekwisha. Wanaume walikuwa wanaketi chini kati ya makaburi, wengine na makoti ya zamani ya kiaskari yaliyopauka, wengine na kanzu. Mwalimu Hiza, aliyefundisha watoto Kurani pale mjini, aliwasha ubani. Wanawake wachache, karibu wote wajane, walikaa nyuma, na Fatu na Somoe wakakaa nao.

Mwalimu alisoma. Kisha majina yakaanza kutajwa, mtu mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za chini. Mmoja alimtaja kaka yake. Mwingine alitaja marafiki aliokula nao sahani moja. Mhina, mzee mwenye ndevu nyeupe, alimtaja mwanawe, akashindwa kulimalizia jina, jirani yake akamsaidia. Mwisho Mbwana akamtaja Mdoe, kama kawaida yake, na Fatu akainamisha kichwa.

Mwalimu alikuwa ameinua mikono kufunga dua, ndipo sauti ya kike ikasikika nyuma.

"Matimbwa, baba yangu. Wa vilima vya nyuma ya Kilwa."

Wanaume waligeuka. Somoe alikuwa amesimama, mikono ameikunja ndani ya kanga. Kila mtu pale alijua binti yule ametoka wapi, na kwa hiyo walijua pia baba yake alikufa akiwa upande gani. Mhina alisema taratibu kwamba hapa ni mahali pa askari. Mwalimu Hiza hakujua afanye nini. Akauliza kama huyo marehemu alikuwa Mwislamu. Somoe alijibu kwamba alikuwa akienda Kilwa kuuza nta, akasilimu hukohuko, na nyumbani alikuwa na mkeka wa kusalia ambao watoto walikatazwa kuukanyaga.

 Mwalimu akamtazama Mbwana, na wote wakamtazama Mbwana, kwa kuwa dua ilikuwa yake. Mapambazuko yalikuwa yameanza na nyuso zilionekana. Fatu alimwona Mbwana akipapasa goti lake kwa kiganja, kama afanyavyo mvua ikikaribia. Fatu akaona hofu imemshika yeye mwenyewe, akashangaa, maana vitani hakuogopa hivi.

"Taja tena, mwanangu," Mbwana akasema. "Mwalimu hakusikia vizuri."

Somoe akataja tena. Mwalimu Hiza akalirudia jina, akamwomba Mungu amrehemu Matimbwa na awarehemu wote waliotajwa na wasiotajwa, watu wakaitikia amina. Si wote. Mhina aliinuka, akajikung'uta majani, akaenda zake bila kunywa uji. Hakuna aliyemlaumu, na Fatu pia hakumlaumu, maana mwanawe Mhina aliuawa kwa mkuki.

Uji uligawiwa katika vikombe vya bati na vifuu. Somoe alipofika kwa Mbwana alipiga goti akampa kikombe kwa mikono miwili, akamwamkia. Kisha akamwuliza, kwa sauti ambayo Fatu aliisikia kwa sababu alikuwa karibu:

"Baba, siku kijiji chetu kilipochomwa, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," Mbwana akajibu.

Somoe aliitikia kwa kichwa. Alibaki amepiga goti mpaka Mbwana alipomaliza kunywa, akapokea kikombe, akaenda kumpa mwingine.  Njiani wakirudi aliongea habari za arusi, akamwuliza Fatu kama mchele utapatikana, na ilikuwa mara ya kwanza tangu posa Fatu kumsikia akiongea namna ile.

Boma halikusikia, au lilisikia likapuuza. Arusi ilifanyika Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha. Kwa kuwa bibi arusi hakuwa na ndugu wa kiume, Mwalimu Hiza ndiye aliyemwoza, na Mbwana akawa shahidi. Mhina hakuja arusini, ila alituma kuku. Mwaka uliofuata alirudi kwenye dua, akakaa mbali kidogo na wenzake, na pakawa na wajane wawili waliotaja kwa midomo yao waume zao waliokufa kwa kubeba mizigo ya jeshi, watu ambao hapo zamani hakuna aliyekumbuka kuwataja.

Dua ile ilifanyika miaka michache tu. Vita vikubwa vya Wajerumani na Waingereza vilipofika njia ya reli, Korogwe ilijaa majeshi na makaburini hapakukalika. Fatu alikusanya vyombo vyake akarudi Sindeni, mara hii bila kuogopa maswali ya watu. Somoe alimfuata na mtoto mgongoni, Salimu akawafuata baada ya kiwanda kusimama. Walilima mtama na muhogo. Waliowajua wanasema kila Shaabani, kabla jua halijatoka, mama na binti waliketi uani wakamtaja Mdoe na Matimbwa, kisha wakachukua majembe wakaenda shamba.