Siku Stimu Ilipokufa Mgodini

Nakumbuka alasiri moja ya masika, mwanangu, nikiwa mke mpya ambaye hata majirani hajawazoea. Babu yako Kulwa alikuwa amenitoa kwetu Ushirombo, kwenye nyumba ya wakulima wanaosali, akanileta huku Geita kwa sababu alipata kazi ya kuchimba dhahabu kwenye mgodi wa Wazungu. Miaka hiyo watu walikuwa wanamiminika huku kutoka kila upande. Walikuwepo Wasukuma wa Kishapu waliochoshwa na ukame, Wazinza wa karibu na ziwa, Waswahili wa Tabora waliokuja kufungua maduka, na mafundi wa mitambo kutoka Nyasa. Mimi nilijua Kisumbwa, na Kiswahili cha kanisani kidogo. Sokoni nilikuwa nanyoosha kidole tu, nanunua, narudi nyumbani.

Kitu kilichotushangaza sote pale ni taa. Ninyi mnabonyeza ukutani, nyumba inang'aa, wala hamgeuki kuiangalia. Sisi tulikuwa tunaiita stimu. Kulikuwa na banda la mashine chini ya kilima, linanguruma mchana na usiku, na kutoka hapo waya zilipita juu ya nguzo mpaka kwenye shimo kuu, kwenye nyumba za Wazungu, kwenye zahanati ya mgodi na kando ya barabara ya kambi yetu. Watu walikuwa wanatembea kutoka vijiji vya mbali, wanakaa kwenye majani ng'ambo ya barabara wakiangalia kilima kinavyowaka giza likiingia, kisha wanarudi kwao wakisimulia. Lakini kazi kubwa ya stimu haikuwa kutuangazia sisi. Ndiyo iliyowashusha wanaume shimoni na kuwapandisha, ndani ya sanduku la chuma lililoning'inia kwenye kamba ya waya. Ndiyo iliyozungusha pampu za kutoa maji huko chini. Hilo wake zao wengi hatukulijua mpaka siku hiyo.

Mvua ilianza na upepo. Ulikuja kutoka upande wa ziwa, ukang'oa mabati ya duka moja na kuyarusha shambani, ukalaza mahindi yote kana kwamba ng'ombe wamelala juu yake. Kisha mvua ya mawe, kisha radi. Ile ya mwisho ilipiga chini ya kilima, nikahisi ardhi ikitikisika mpaka kwenye nyayo. Mvua ilipopungua nikatoka nje, nikakuta majirani wote wametoka, tumesimama kwenye matope tunasikiliza. Kilichotutoa nje ni ukimya. Banda la mashine lilikuwa limenyamaza.

Nguzo zilikuwa zimelala barabarani moja baada ya nyingine. Kote kulikokuwa na stimu, imekufa. Ningependa kukuambia kwamba watu walielewa palepale, lakini sivyo ilivyokuwa. Mwanzoni baadhi walicheka. Mzee mmoja muuza tumbaku alisema, "Leo na wao watawasha vibatari kama sisi," na watu wakafurahi kweli. Mama mmoja alisema bora taa zimezimika, zilikuwa zinawafanya kuku wake wasilale. Mimi pia nilitabasamu. Ndipo mwanamke mmoja, ambaye simjui jina mpaka leo, akauliza kwa sauti ndogo, "Na walioko chini wanatokaje?"

Tulianza kutembea kuelekea kilimani, kisha tukajikuta tunakimbia.

Kwenye shimo kuu sanduku la chuma lilikuwa limekwama katikati ya njia, tupu. Wazungu wawili walikuwa wanahangaika kwenye banda la mashine na mafundi wao, na moshi mweusi ulikuwa unatoka dirishani. Nyapara mmoja alikuwa ametuzuia kwa fimbo, lakini uso wake ulikuwa umepauka kuliko wetu. Watu wakazidi kujaa. Wapo walioanza kulia kama wako msibani. Wapo waliosema ardhi imekasirika kwa kuchimbwa. Na wapo, kama kawaida ya watu wengi wenye hofu, waliotafuta mtu wa kumshika. Wakampata Yohana, kijana kutoka Nyasa aliyekuwa anatia mafuta kwenye mashine, kwa sababu alitoka bandani akiwa mzima na mashine yake imeungua. Wakamzingira. Mmoja alimkamata shati shingoni.

"Wewe ndiye uliyeizima," alisema. "Ndugu yangu yuko chini."

Hapo ndipo nilipomwona Mama Zuhura kwa mara ya kwanza. Alikuwa Mswahili wa Tabora, mjane mwenye duka la vitu vidogo vidogo: chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Hakuwa na mume shimoni, wala mtoto, wala hata mpangaji. Alipita katikati ya wanaume wale akiwa amejifunga kanga kichwani na matope yamemfika magotini, akauondoa mkono wa yule mtu kwenye shati la Yohana, taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto mwiba.

"Mwacheni kwanza aseme," akasema. Kisha akamgeukia Yohana. "Mwanangu, kuna njia nyingine ya kutokea?"

Yohana akasema ipo. Nyuma ya kilima kulikuwa na shimo la hewa, jembamba, lenye ngazi za mbao zinazofika hadi chini. Lakini wachimbaji hawakuwa wanapita huko. Walikuwa wanashuka kwa sanduku na kupanda kwa sanduku. Huko chini njia zilikuwa zinagawanyika na kugawanyika tena, taa za stimu zimezimika, na taa zao za mkono zingezimwa na maji yanayodondoka. Na pampu zimesimama. Maji yanapanda.

"Wakikosea njia," alisema, na hakumaliza.

Mama Zuhura alirudi dukani kwake, sisi nyuma yake. Akafungua mlango, akatoa kila fanusi aliyokuwa nayo na debe la mafuta ya taa, akasema, "Chukueni." Hakuandika, hakuuliza jina la mtu. Watu walipoona hivyo wakakimbilia kila mmoja kwake, na taa zikaja, za vioo na za makopo, mpaka yule mzee wa tumbaku aliyecheka akaleta ya kwake. Tulipofika kwenye shimo la hewa Yohana akachukua fanusi mbili za kwanza, akaanza kushuka kwa ngazi peke yake ili azitundike kadiri atakavyoweza kufika. Wale waliotaka kumpiga ndio waliomshikia kamba kiunoni.

Lakini mwanga haukuzidi pale ngazi zilipoishia. Njia za chini zilikuwa zinapinda, na mwanga haupindi. Yohana alipiga kelele kutoka chini kwamba hasikii mtu wala haoni mtu.

Ndipo akatoka mwanamke mwingine katikati yetu, Nyamizi. Nyamizi alikuwa Msukuma wa Kishapu, mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Mtoto wake pekee, Shija, alikuwa shimoni. Wote walimjua kwa jambo moja: wakati wa palizi, watu wakilima kwa zamu shamba la huyu na shamba la yule, yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Alisimama mdomoni mwa shimo la hewa, akainama kidogo, akaimba.

Ulikuwa wimbo wa kulima ambao huimbiwa mtu aliyechelewa kwenye mstari wake. Anayeongoza anamwita, "Wewe uliyebaki nyuma, uko wapi?" na wengine wote wanaitikia, "Tuko huku, tuko huku, njoo." Kwa Kisukuma unateremka vizuri, kila neno linaanguka na jembe. Mara ya kwanza aliimba peke yake, maana sisi tulidhani uchungu umempanda kichwani. Mara ya pili Mama Zuhura akaitikia kwa Kisukuma chake cha dukani. Mara ya tatu tuliitikia sote. Mimi nilikuwa siyajui maneno, nikawa nafuata midomo ya jirani yangu, na wimbo ukaingia shimoni kama maji yanavyoingia mtungini.

Tuliimba mpaka nikaanza kukata tamaa. Kisha Yohana akapaza sauti kutoka chini: "Kuna mtu anaitikia."

Walianza kutoka mmoja mmoja, mwanangu. Wamelowa, macho yamewatoka, mikono imechubuka kwa kupapasa miamba. Kila aliyetoka alisema jambo lilelile, kwamba walikuwa wanazunguka gizani maji yakiwa kiunoni, kisha wakasikia wimbo wa shambani ukitokea upande mmoja, wakaufuata. Watu walikuwa wanawadaka wanapofika juu, wanawafunika nguo, wanalia na kucheka. Na kila familia iliyompata mtu wake iliondoka naye. Siwalaumu. Ukipewa mtu wako kutoka kaburini, unamshika na kukimbia. Lakini kila walipoondoka, sauti zetu zilipungua.

Shija alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwa mama yake. Kijana akatoa kichwa, akavutwa juu, akaanguka kwenye majani akikohoa. Watu wote walimgeukia Nyamizi. Tulijua kinachofuata: atamkumbatia, watakwenda zao, na wimbo utaishia hapo, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuuongoza. Nami Kulwa wangu alikuwa bado chini.

Nyamizi alimtazama mwanawe. Aliweka mkono juu ya kichwa cha yule kijana, akauacha hapo kidogo, na mdomo wake haukusimama. "Wewe uliyebaki nyuma, uko wapi?" Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, na sauti haikuyumba. Kisha akauondoa mkono, akainama tena shimoni. Shija alipopata pumzi hakwenda nyumbani. Alikaa miguuni pa mama yake, akawa anaitikia nasi.

Sauti ya Nyamizi ilianza kukwaruza. Mama Zuhura alimletea maji, akayanywa kati ya mstari na mstari. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na waitikiaji tulibaki wachache kiasi kwamba hata mimi mgeni nilijisikia nikisikika. Nilikuwa nimeyashika maneno kufikia hapo. Niliyaimba kama ninavyosali.

Kisha wakawa hawatoki tena. Nyapara alikuja akasema huenda wametoka wote. Nikataja jina la mume wangu. Akainamisha macho. Nyamizi alisikia jina hilo. Alinitazama mara moja, akaendelea kuimba, ingawa kilichokuwa kinatoka sasa kilikuwa zaidi pumzi kuliko sauti.

Kulwa alitoka wa mwisho. Alikuwa amembeba mgongoni mwenzake aliyevunjika mguu, amemfunga kwa shati lake ili asidondoke kwenye ngazi, na Yohana alikuwa anamsukuma kutoka chini. Baadaye aliniambia kwamba wimbo ulikuwa umefifia mpaka akadhani anaukumbuka tu, hausikii. Alisimama gizani na mzigo wake, akashika pumzi asikilize vizuri. Akausikia tena, mara moja, upande wa kulia. Akageuka kulia.

Siku iliyofuata nilimpelekea Nyamizi kuku. Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua mboga. Nikampigia magoti, nikamwambia, "Wabeja, mayu," yaani asante, mama, maana hilo neno la Kisukuma nilikuwa nimejifunza. Akaniinua. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa, ikabidi nisogeze sikio.

Nikamuuliza kwa Kiswahili changu kibovu, kwa nini hakuondoka Shija alipotoka.

Akanishangaa, kama nimemuuliza kwa nini anapika. Akanong'ona, "Sauti iliyomtoa mwanangu, ningeizimaje na mume wako yuko chini?"

Sauti yake haikurudi tena kama ilivyokuwa. Mwaka uliofuata wakati wa palizi mwingine ndiye aliyeongoza nyimbo, na Nyamizi akawa kwenye mstari na jembe lake kama sisi wengine. Sikumsikia akilalamika. Mama Zuhura aliendelea na duka lake, na Yohana alioa huku huku; wale waliomshika shati ndio waliomsaidia kujenga nyumba. Stimu ilirudi baada ya muda, na watu wakaja tena kukaa kwenye majani kuangalia taa. Mimi nilizipenda pia. Lakini nilikuwa nimeona kilicho kikubwa kuliko taa.

Basi nikuambie, mwanangu, kwa kuwa wewe sasa una nyumba yako. Jambo baya likiupata mji, usiwe wa kwanza kutafuta wa kumshika shati. Uliza njia iko wapi. Kama huna mtu wako aliyeumia, nenda hivyo hivyo, na ulicho nacho. Na hili ndilo nataka ulishike kuliko yote: mtu wako akiokolewa, furahi, mwekee mkono kichwani, lakini usiondoke. Baki uitikie. Kuna mke wa mtu amesimama karibu nawe ambaye hajui hata maneno ya wimbo, na bado anangoja. Mimi nilikuwa huyo. Mama yako alizaliwa, nawe ukazaliwa, kwa sababu mwanamke mmoja hakuwa na haraka ya kwenda kufurahi nyumbani.

Mungu akupe kifua kisichochoka. Akuwekee watu wema karibu siku utakapokuwa wewe ndiye uliye chini, na akufanye uwe mwema siku utakapokuwa juu. Watoto wako wakue wakisikia jina lako likitajwa kwa shukrani na watu ambao wewe mwenyewe umewasahau. Nenda salama, mwanangu.